Shemeji Eiti-kei na Sauti ya Bibi

Mliniacha juu ya sofa la dada yangu, na bado nipo hapo hapo. Mto mmoja, shuka moja, heshima hakuna.

Chuo kilishanitema mwaka wa tatu kwa sababu ya ile kengele ya moto niliyoipiga katikati ya mtihani. Kiwanda cha uchapaji kilinivumilia siku kumi na moja, mpaka wakazisoma zile kadi za mwaliko nilizozichapa. Tangu hapo naitwa Profesa Nusu. Jina alinipa Bibi, na Bibi akikupa jina halitoki hata ukienda kuoga.

Bibi ndiye aliyetulea, mimi na Dada. Na Bibi ndiye shida ya wiki hii.

Daktari kampangia upasuaji Alhamisi asubuhi. Kisanduku cha sauti kinatolewa chote. Akitoka atapumua, atakula, atanuna kama kawaida yake. Ila kusema ndiyo basi tena.

Ingekuwa mtu mwingine, sawa. Lakini Bibi alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni kwa miaka thelathini na mmoja. Mji mzima uliamka, ukakimbia na ukachelewa kwa sauti yake. Kuna watu wazima mpaka leo wakiisikia wanapapasa mfuko kutafuta tiketi.

Dada ana mimba ya miezi sita, baada ya miaka saba ya kusubiri. Ombi lake lilikuwa moja: Bibi aseme na mtoto aliye tumboni, arekodiwe, mtoto akija asikie. Basi. Dakika chache za sauti.

Kazi hiyo ingefanywa na kasimu kangu ka vibonye, kale kalikofungwa raba mgongoni. Bahati mbaya, kwenye nyumba hiyo kuna mwanaume mwenye eiti-kei.

Huyo ni mume wa Dada. Ni msimamizi wa duka la vigae, na ni mtu anayekitazama kigae kama wenzake wanavyotazama machweo. Mwezi uliopita aliuza friji, akaongezea akiba, akanunua simu inayorekodi video za eiti-kei, yaani 8K, picha kali kuliko zote. Tangu siku hiyo tunakunywa maji ya vuguvugu, lakini tunaonekana vizuri sana tukiyanywa.

Siku ya kwanza alituita wote sebuleni, akaiunganisha simu na televisheni.

"Mnaviona hivyo vinyweleo?"

"Naviona, shemeji. Vya nani?"

"Vya paka wa jirani! Nukta milioni thelathini na tatu kwenye kila picha!"

"Na televisheni yetu inaonyesha ngapi?"

Dada akajibu kutoka jikoni. "Milioni moja. Na hapo uipige kofi ubavuni."

"Hamnielewi," akasema Shemeji. "Hoja siyo televisheni ya leo. Siku moja tutakuwa na televisheni kubwa kama ukuta, tutakuta video zetu zinatusubiri."

"Na friji nalo linatusubiri huko huko?" nikauliza.

Shemeji akaituma ile video kwenye kundi la ukoo, ikakataa kwenda kwa uzito, ikabanwa, ikabanwa tena, ikafika imekuwa ukungu mtupu, kama picha ya eksirei. Shangazi akawa wa kwanza kuandika: "Poleni sana jamani. Mgonjwa ni nani?"

Nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kwenye sofa, ambako kwangu ni sawa na kuanguka kutoka kitandani. Nisingecheka hivyo kama ningejua itakavyonirudia.

Sasa ungamo langu. Soma polepole, maana sitalirudia.

Jumanne Shemeji alikuwa na miadi saa tisa alasiri ya kumrekodia bosi wake vigae vipya vilivyoshushwa. Asubuhi hiyo alitamba vibaya sana. Aliniambia mbele ya Dada, "Wewe Profesa, ungemaliza chuo ungejua tofauti ya kuona na kutazama." Kisha akaenda kuoga.

Simu yake aliiacha juu ya kabati la Bibi, inachajiwa, kwa sababu plagi ya chumba hicho ndiyo pekee isiyotoa cheche. Neno la siri nalijua. Mimi ndiye niliyemwekea, yeye alishindwa.

Nikaiwasha kamera, nikaiweka eiti-kei, nikailaza kifudifudi, jicho la kamera likitazama dari. Nikabonyeza rekodi, nikaondoka.

Mpango ulikuwa rahisi. Eiti-kei inakula nafasi kama mgeni asiye na haya. Ningeijaza simu video ya dari, na alasiri, bosi akiwa amesimama kifua mbele, Shemeji angesoma kwenye kioo: nafasi haitoshi.

Niliporudi, simu ilikuwa ya moto kama pasi na imeacha kurekodi yenyewe. Dakika kumi na tisa za dari. Sikuzitazama, nani anatazama dari? Nikazihamishia kwenye folda ya siri ambayo Shemeji hajui hata kama ipo, nikaifunga kwa namba yangu ya siri, nikarudi sofani kusubiri utamu.

Utamu haukuja. Bosi aliumwa jino, miadi ikaahirishwa. Simu ikarudi nyumbani bila kuguswa, imeshiba hivyo hivyo.

Na Jumatano saa nne asubuhi ndiyo ilikuwa zamu ya Bibi.

Nilikumbuka? Nilikumbuka. Saa mbili, nikinywa chai, nilikumbuka vizuri kabisa. Nikajiambia nafasi iliyobaki inatosha. Nikajiambia pia kwamba Shemeji akiaibika kidogo haitakuwa mbaya. Kipi kilikuja kwanza kati ya hivyo viwili, sitaki kujua.

Bibi alikuwa hajatoa neno kwa wiki mbili. Daktari alimwambia ile sauti iliyobaki ni ya kuhesabu, akaamua kuitunza. Aliwasiliana nasi kwa daftari na kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa. Ukurasa wa juu siku hiyo ulisomeka: MWAMBIE MUMEO AACHE KUSOGEZA PAZIA.

Shemeji alikuwa anasogeza pazia. Alisogeza pazia, meza, kiti, kikombe cha chai. Alimpaka Bibi poda kwenye paji la uso.

"Shemeji, tunataka sauti," nikasema. "Weka ubora wa kawaida tu. Sauti ni ile ile."

"Kwani huyu ni Bibi wa kawaida?"

"Basi na mimi nirekodi pembeni na hii yangu, kwa usalama."

Alikiangalia kisimu changu cha raba kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu.

"Hicho kinarekodi au kinapiga chafya? Kiondoe, kinaharibu picha."

Dada akasema, "Mwache naye arekodi, mume wangu."

"Mke wangu, kitu kikifanywa, kifanywe kitaalamu."

Nikakirudisha mfukoni. Ningeweza kukibonyeza humo humo mfukoni, kidole gumba tu, hakuna ambaye angejua. Sikubonyeza. Nilitaka ashindwe peke yake, na mimi nisimame pale nikiwa nimesema ukweli.

Shemeji akaanza kurekodi. Na kabla Bibi hajafungua mdomo, akajirekodi yeye.

"Karibuni. Leo tuko nyumbani kwetu, siku ya kihistoria, na video hii mnayoiona imepigwa kwa ubora wa eiti-kei, ambao wengi wenu..."

Dakika mbili na nusu! Alieleza nukta. Alieleza lenzi. Bibi akaandika kwenye daftari, akaligeuza kwetu: HUYU ANAKUFA LINI.

Hatimaye kamera ikamgeukia. Bibi akanyoosha mgongo, akalainisha kola, akavuta pumzi. Sauti ikatoka. Imekwaruzika, lakini ile ile.

"Tahadhari. Tahadhari. Hili ni tangazo kwa abiria mmoja tu..."

Dada akaanza kulia hapo hapo. Bibi akaendelea dakika moja, moja na nusu labda. Kisha simu ikatoa mlio.

"Nini hicho?" Dada akauliza.

"Kitu kidogo," akasema Shemeji, jasho likimtoka. "Inasema nafasi imejaa. Haiwezekani! Jana ilikuwa na nafasi!"

Nilitazama kidole changu cha mguu.

"Bibi, samahani, tulia hapo hapo. Nafungua nafasi sasa hivi. Hapa inaniuliza: futa faili kubwa..."

"Shemeji, subiri, usibonyeze!"

"Nishabonyeza."

Faili kubwa kuliko yote aliyoweza kuyaona kwenye simu ile lilikuwa moja tu. Bibi. Lililolizidi lilikuwa la dari, na hilo nilikuwa nimelificha mimi.

"Liko kwenye kikapu cha taka," nikasema haraka. "Fungua kikapu, ulirudishe."

"Nilikizima kikapu."

"Ulikizima kwa nini?"

"Kinakula nafasi."

Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimtazama mumewe kama unavyotazama chombo kilichovunjika ukijiuliza kama kina faida kukiokota.

"Tunarudia," akasema kwa upole. "Bibi, unaweza kurudia? Kidogo tu. Safari hii ndugu yangu anarekodi na ya kwake."

Nikatoa kisimu changu. Bibi akanyoosha mgongo tena, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Ikatoka hewa. Mluzi wa hewa, kama pampu ya baiskeli. Akajaribu mara ya pili. Hewa. Akaweka mkono shingoni, akatikisa kichwa, akachukua kalamu.

IMEKATA. NIACHENI NIPUMZIKE. GARI LIKIJA MNIITE.

Gari la kumpeleka wodini lilikuwa linakuja saa tano. Shemeji akaenda kusimama uani. Nilimwona kupitia dirishani, ameshika ile simu kwa mikono miwili, midomo ikicheza. Nilidhani anaomba dua. Nikasogea. Alikuwa anasoma maelekezo ya simu kwenye kioo.

Dada alikaa jikoni kwenye sakafu, mgongo ameegemeza mahali palipokuwa na friji.

"Nilitaka kitu kimoja," akasema. "Kimoja tu. Mtoto wangu atajuaje Bibi alikuwa nani? Nitamwambia nini, alikuwa na ngozi inayoonekana vizuri?"

"Dada, mimi..."

"Wewe hujakosea chochote. Wewe ndiye pekee uliyesema ukweli humu ndani."

Kuna matusi, halafu kuna hayo maneno. Nilimtafuta Shemeji, nikamwambia nipe simu nijaribu kuliokoa lile faili. Alinipa bila kubisha, na hilo peke yake liliniogopesha.

Nikaingia bafuni, nikafunga komeo, nikakaa juu ya ndoo. Mpango wangu ulikuwa wa kinyama kidogo: kuifuta ile video ya dari kabla mtu hajaiona, ushahidi upotee, na mimi nibaki msema kweli milele.

Nikafungua folda ya siri. Kabla ya kufuta nikabonyeza kidogo, kuhakikisha ni yenyewe.

Dari. Utando wa buibui mmoja. Nakiri ulionekana vizuri ajabu, unaweza kuhesabu miguu ya mwenye nyumba.

Halafu mlango wa chumba ukasikika ukifungwa, kwenye video. Kiti kikavutwa. Na mtu akakohoa.

Miaka thelathini na mmoja, Bibi hakuwahi kusoma tangazo hewani kabla hajalisoma lote mara moja peke yake, mlango umefungwa. Alikuwa akitufundisha hivyo tangu utotoni. Watangazaji wenzake walimcheka, wakakosea majina ya stesheni. Yeye hakukosea hata moja. Mimi mjinga nilikuwa nimeiacha simu chumbani kwake siku moja kabla ya tangazo lake la mwisho.

Alikuwa anafanya mazoezi.

"Tahadhari. Tahadhari. Hili ni tangazo kwa abiria mmoja tu. Abiria anayetarajiwa kuwasili bila mzigo, bila nguo na bila tiketi. Tiketi yako tulishaikata zamani. Usiwe na haraka. Familia hii imezoea kuchelewa. Ukishuka utamkuta mama yako. Ni yule anayelia; usiogope, analia hata akifurahi. Utamkuta na baba yako. Ni yule anayekuelekezea kamera. Mvumilie, ndani ni mtu mzuri, amekosa tu mtu wa kumwambia anyamaze. Utamkuta na mjomba wako kwenye sofa. Akikuambia jambo lolote, muulize mtu wa pili. Mimi utanikuta siwezi kukuita. Kwa hiyo nakuita sasa. Nakuita mara tatu, kama tulivyokuwa tukiwaita wanaochelewa..."

Akaita. Mara tatu. Sikumbuki kama niliwahi kulia juu ya ndoo kabla ya siku hiyo.

Ilikuwa yote. Kila neno, safi, bila mkwaruzo wa pazia wala Shemeji. Nukta milioni thelathini na tatu za dari, hazina kazi hata moja, na nyuma yake sauti ambayo kisimu changu cha raba kingeidaka vile vile. Nilisimama niende kwa Dada. Ningekiri, nipigwe, nilale nje. Sawa tu. Mtoto angemsikia Bibi.

Video ilikuwa inaendelea. Kiti kikaburuzwa kwenye sakafu. Kikagonga kabati. Mtu akapanda.

Ghafla dari likapotea, uso wa Bibi ukajaa kioo kizima. Alikuwa anafuata begi la hospitali juu ya kabati, akakutana na simu. Niliona kila kikunjo, kila unywele wa kidevuni, na niliona kitu kingine: anatabasamu.

"Profesa Nusu," akasema Bibi kwenye video. "Hii kazi ni ya kwako. Mume wa dada yako hana akili ya kurekodi dari."

Nikakaa tena kwenye ndoo.

"Umenidaka, mume wangu mdogo, basi sikiliza. Kesho nitasema kidogo mbele yao, halafu nitajifanya sauti imekata. Haitakuwa imekata. Iliyobaki nimemwekea mtu."

Akaangalia mlango, akashusha sauti.

"Babu yenu hakufa. Nilimuua mimi, mdomoni, maana ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Siku aliyotuacha mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nilitangaza treni ya mume wangu mwenyewe, jukwaa la pili, na sauti haikutetemeka. Sasa ameandika barua. Anashuka kesho, treni ya saa tano na robo. Nina maneno ya kumwambia na sitayaandika kwenye daftari. Hospitali nitakwenda, lakini nitakwenda nikitokea stesheni. Usinitafute."

Sasa nikaelewa ule mluzi wa pampu ya baiskeli. Bibi alitudanganya sote watatu, bila hata kunywa maji kwanza.

"Jambo moja tu," akaendelea. "Dada yako lazima alijue kabla sijarudi na huyo mzee, la sivyo atanifukuza mlangoni. Linamhusu mama yenu. Nalo ni hili..."

Picha ikaganda. Mwisho wa video. Hapo ndipo simu ilipozidiwa na joto. Nikairudia mara mbili, tatu, mpaka mara tano, kana kwamba mara ya sita ingeongeza neno.

Nje, gari likapiga honi. Saa ya bafuni ilisema saa tano na dakika mbili.

Miguu ikakimbia koridoni. Mlango ukagongwa.

"Bibi yuko humo na wewe?" Ilikuwa sauti ya Dada, imepanda juu. "Chumbani hayupo! Begi lipo, daftari lipo, viatu vyake vya kazi havipo! Mlango wa nyuma uko wazi!"

Nikabonyeza kioo kuizima video. Kidole kilikuwa na machozi, kikateleza. Ikarudi nyuma hadi kwenye tangazo, kwa sauti kubwa.

"Tahadhari. Tahadhari. Hili ni tangazo kwa abiria..."

Nikaizima. Nje ya mlango miguu ikasimama. Hata honi ilinyamaza.

"Hiyo ni sauti ya Bibi," akasema Dada polepole. "Unayo. Una sauti ya Bibi."

Ilikuwa mkononi mwangu, bado ya moto. Nikimpa tangazo lake, dakika tatu mbele anakutana na uso wa Bibi na babu aliyefufuka, na sentensi isiyo na mwisho kuhusu mama yetu. Nikikata hiyo sehemu, simu itauliza kwanza kama iongeze nafasi kwa kufuta faili kubwa, na humu faili kubwa ni hili hili.

"Nahesabu mpaka tatu," akasema Dada. "Moja."

Nikashika komeo.